Kona ya Lugha: “Right after” ya bosi na lori lililokata kulia

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Busia. Mimi ni wakala wa forodha, napitisha mizigo ya watu mpakani, na ofisi yetu kubwa iko Kampala. Kiingereza changu kinatosha kwa makaratasi, ila ujumbe wa simu wa bosi unanichanganya. Juzi aliandika: “The truck is still back there behind the weighbridge, about two kilometres down from the gate.” Kama lori liko “behind the weighbridge”, basi “back”, “there” na “down” zinafanya kazi gani hapo? Barabara yenyewe ni tambarare, haishuki popote. Siku iliyofuata akamwandikia dereva: “Park right after the weighbridge.” Dereva akapita mizani, akakata kulia, akaingiza trela kwenye uwanja wa watu. Mlinzi wa lango akatufokea sote, mpaka tanboi. Naomba unieleze maneno haya yanapangwaje.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na dereva wako, maana anastahili kutetewa. Shuleni alifundishwa kwamba “right” ni kulia, au ni sahihi, na hapo somo likaishia. Vitabu vingi tulivyofundishia hapa Tororo viliweka vihusishi, maneno kama “after” na “behind”, sura moja na vielezi, maneno kama “there” na “slowly”, sura nyingine, na mwanafunzi akamaliza kidato cha nne bila kuonyeshwa vinavyokutana. Lakini katika Kiingereza cha kila siku vinakutana karibu kila sentensi, na ndiyo maana trela liliishia uwanjani kwa watu.

“Right” ikikaa mbele ya kirai kihusishi, yaani mbele ya fungu kama “after the weighbridge” au “behind the bank”, haina habari na mkono wowote. Inakaza kirai: pale pale, bila nafasi katikati. “Right after the weighbridge” ni ukishapita mizani tu. “Right behind the bank” ni nyuma ya benki kabisa, pasipo jengo jingine kati. “Right in the middle of the road” ni katikati hasa ya barabara. Sisi neno la kukazia huliweka nyuma: “katikati kabisa”, “papo hapo hasa”. Kiingereza hulitanguliza, na mtu anayefikiri kwa Kiswahili huvutwa kulipeleka mwisho wa sentensi, mahali ambapo Mwingereza halitafuti.

Angalia jirani zake. “Right” ikifuatwa moja kwa moja na “after”, “behind”, “under”, “at” au “in”, mara nyingi inakaza. Ikija baada ya “turn” au “keep”, au baada ya “on the”, ni mkono. Tatizo ni pale jirani wote wawili wanapokuwepo. “Turn right after the weighbridge” ina maana mbili hata kwa aliyezaliwa London: pita mizani kisha kata kulia, au kata mara tu ukipita mizani, upande haujatajwa. Mwambie bosi wako, kwa heshima, kwamba kwenye maelekezo ya barabara “right” ya kukazia iachwe. Aandike “just after” au “immediately after”. Dereva anasoma ujumbe huku injini inanguruma na magari yanapiga honi nyuma yake. Hana nafasi ya kuchambua sarufi.

“Right” ina ndugu kadhaa. “Straight to the bank” ni moja kwa moja benki, bila kupitia kwingine. “Halfway up the hill” ni katikati ya mlima, unapanda. “Well before six” ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu “well” hapa haimaanishi vizuri. Inamaanisha mapema sana kabla ya saa kumi na mbili. Ukiagizwa karatasi ziwe tayari “well before six” ukazipeleka saa kumi na mbili kasoro dakika tano, umechelewa, hata kama saa ya ukutani inakutetea. “Shortly before six” ndiyo kasoro dakika chache.

Sasa “back”, “there” na “down”. Darasani tuliziita vielezi. Lakini jaribu kutanguliza “right” mbele yake: “right back”, “right there”, “right down”. Zote zinakubali. Jaribu na kielezi cha namna, “right slowly”: Kiingereza sanifu cha leo hakikubali. Kwa hiyo maneno haya matatu yana tabia ya vihusishi. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alilitetea wazo hili tangu 1924: “down” iliyo peke yake na “down” ya “down the road” ni neno moja, mara lina kijalizo, yaani maneno ya kulikamilisha kama “the road”, mara halina. Mimi nimelikubali kabisa. Boda ikiwa na abiria au ikirudi steji tupu, pikipiki ni ile ile.

Ukishaona hivyo, ujumbe wa bosi unafunguka. “Back there” inakuonyesha yeye amesimama wapi akilini mwake: lori liko mbali naye, sehemu ambayo safari ilikwisha kuipita au ilipaswa kuwa imeipita. “Behind the weighbridge” inapigilia msumari mahali penyewe. Kwanza upande wa msemaji, kisha mahali hasa. Kiswahili nacho hufanya hivyo, “kule nyuma ya mizani”, kwa hiyo mpangilio huu usikutishe. Ila ukipindua, ukasema “behind the weighbridge back there”, msikilizaji anaweza kuelewa kwamba “back there” inaeleza mizani: ile mizani ya kule tulikotoka, si nyingine. Penye mizani mbili kwenye njia moja, hilo si jambo dogo.

Umeuliza kuhusu “down” kwenye barabara tambarare, na swali hilo nimelipenda. “Down the road” mara nyingi haisemi mteremko. Inasema kuendelea kuifuata barabara. Kwa hiyo “about two kilometres down from the gate” ni kama kilomita mbili ukiifuata barabara kutoka langoni. Kipimo kimetangulia, mwelekeo ukafuata, mahali pa kuanzia pakamalizia.

Lakini “up” na “down” zina kipimo chake kila mahali. Watu wa Kampala wakizungumza Kiingereza husema “up in Gulu” na “down in Kabale”. Kabale iko kwenye milima, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gulu iko kama mita 1,100. Mwinuko ungekuwa ndio kipimo, wangesema kinyume. Wanafuata ramani: kaskazini juu, kusini chini. Njoo sasa kwenye mto. Nile inatoka Jinja, inapitia Ziwa Kyoga hadi Karuma, inaelekea kaskazini. Anayesafiri na maji anakwenda “down the river”, kwa sababu mtoni kipimo ni mkondo. Basi mtu mmoja, akielekea upande ule ule, kwa ramani yuko “up north” na kwa mto yuko “down the Nile”, na kauli zote mbili ni sahihi. Napenda kuwachorea wanafunzi ubaoni mto huu kabla ya kuwapa kanuni yoyote.

SWALI: Mwalimu, mimi ni muuguzi, Mbale. Kwa nini “from behind the curtain” ni sawa lakini “since from Monday” wananikosoa? Si zote ni vihusishi viwili vimefuatana?

JIBU: Dada, umeona jambo la kweli: Kiingereza kinaruhusu kihusishi kibebe kirai kizima. “From behind the curtain”, “from under the bed”, “until after lunch”. Muuza samaki mzee wa sokoni unaweza kumsifu kwamba ameuza pale “since before Independence”, yaani tangu kabla ya Uhuru wa Uganda, 9 Oktoba 1962. Katika mifano hii kirai cha ndani kinataja mahali au wakati wake, na kihusishi cha nje kinaongeza habari mpya: kutoka huko, au mpaka wakati huo. Kwenye “since from Monday” maneno yote mawili yanataja mwanzo ule ule. Sema “since Monday”. “Return back” na “reverse back” nazo ni za ukoo huo. Kurudi kumo tayari ndani ya kitenzi.

SWALI: “Slowly” ikae wapi? Mimi nafundisha udereva, Jinja.

JIBU: Ikae kabla ya kirai kihusishi au mwisho, zote ni sawa: “Reverse slowly into the yard” au “Reverse into the yard slowly”. Mimi kwa wanafunzi wako ningechagua ya kwanza, ili wasikie “slowly” kabla gari halijafika uwanjani. Mahali pasipokubalika ni kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kitu kinachotendwa: “Check carefully the mirror” hapana, “Check the mirror carefully” ndiyo. Na ukiwa na mwendo, mahali na siku pamoja, mahali hutangulia siku: “He drove to Iganga on Friday.”