Chafya za masika

SWALI: Shikamoo dokta. Kila masika napiga chafya mpaka machozi, pua inawasha usiku kucha. Piriton inanisinzisha kwenye cherehani. Nifanyeje?
Fundi, Manzese

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unyevu wa masika hapa Dar hustawisha kuvu na utitiri wa vumbi (vijidudu vidogo mno), ndivyo vinavyokuletea mzio, nawe unashinda kwenye vitambaa! Muulize mfamasia setirizini, dawa ya mzio, miligramu 10 mara moja kwa siku. Wengi haiwasinzishi hivyo. Ikishindikana, dawa ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani ndiyo kiboko, ila hutaka siku kadhaa, hata wiki mbili, ifanye kazi, na watu huitupa siku ya tatu. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, la sivyo huziba zaidi. Foronya zifue kwa maji ya moto kila wiki. Kifua kikilia filimbi, nenda hospitali siku hiyohiyo.