Maswali ya wasomaji: Wazungu wa kwenye picha za Yokohama

SWALI: Salamu mhariri. Kuna picha za Japani za kuchapwa kwa ubao, zinaonyesha Wazungu wako Yokohama, makoti marefu, kofia, pua hizo! Mbona sura zote kama mtu mmoja? Wachoraji waliwaona kweli au walibuni tu?

JIBU: Salama msomaji wetu. Kuna waliowaona, ila wengi walinakili. Bandari ya Yokohama ilifunguliwa 1859 kwa mataifa matano, Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na Uholanzi, na hapo Edo (ndo Tokyo ya leo) watu wakawa na hamu kweli ya kuwajua hao wageni, maana kwa miaka zaidi ya 200 Wazungu walioruhusiwa kufanya biashara walikuwa Waholanzi tu, tena wamefungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima kule Nagasaki. Sasa wachapishaji wa Edo wakaona biashara hiyo, wakataka picha harakaharaka, 1860 na 1861 zikatoka kwa wingi ajabu, na mchoraji ambaye hana muda wa kwenda bandarini anachukua gazeti la picha la Ulaya anatoa humo nguo, farasi, hata majengo. Ndo maana sura zinajirudia. Mmoja wa wachoraji hao, Yoshitora, alichora mpaka jiji la London na hakuwahi kufika huko!

Na kumbuka mchoraji hakufanya yote peke yake, alichora tu, halafu mchongaji anachonga ubao wa mcherry, kila rangi na ubao wake, ndo mchapaji anagandamiza karatasi.

Ukitaka aliyeangalia kwa macho yake, mtafute Sadahide. Mimi kwangu huyo ndo bora wao wote. Ana picha ya 1861 ya karatasi tano zilizounganishwa, meli za kigeni ziko bandarini, wapakizi wanapanda na mizigo kwenye ubao mwembamba, kamba zimejaa kila mahali, yaani unaona kabisa kwamba huyu mtu alisimama akatazama kazi inavyofanyika. Kwa hiyo ukizishika tena hizo picha achana kwanza na pua, angalia vitu: cherehani, glasi za mvinyo, kamera, mwanamke kakaa upande juu ya farasi. Hivyo ndo vilivyowashangaza watu wa Edo.

Baada ya 1862 picha hizo zikapungua sana, na uhasama na wageni nao ulikuwa umezidi: mwaka huohuo mfanyabiashara Mwingereza aliuawa na samurai (askari wa Kijapani) kijijini Namamugi, karibu tu na Yokohama.