Ukinyimwa Usajili wa NCA, Usimkimbilie Broka

Kijana mmoja wa Kayole ameniandikia kwamba ombi la kampuni yake kusajiliwa na NCA, mamlaka ya Kenya inayosajili wakandarasi, limekataliwa, na sasa kuna mtu mjini anayetaka pesa "alisukume". Ndugu yangu, usimpe hata nauli.

Mimi pia nilinyimwa. Broka alinijazia fomu akaniapia kuwa mkurugenzi wa kiufundi, yaani mwenye taaluma ya ujenzi, amepatikana. Kumbe cheti alichopakia ni cha mtu nisiyemjua, na jina lake halimo kwenye CR12, hati rasmi inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Karatasi hizo mbili zikilinganishwa tu, mambo yameisha. Nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa. Bado inaniuma, maana nilikuwa na zabuni ya kuezeka madarasa, na sheria ya 2011 haichezi na asiyesajiliwa: faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Binamu yangu ana diploma ya ujenzi. Nikamwingiza kuwa mkurugenzi, mwenye hisa zake halali, nikatoa CR12 mpya na cheti cha kodi cha KRA, mamlaka ya mapato, ambacho muda wake haujaisha. Ushahidi wa kazi je? Mama mmoja wa Githurai niliyemwezekea nyumba aliniandikia barua kwa mkono, akaigonga muhuri wa duka lake. Nikaiambatisha na picha za paa lile, kuanzia mbao tupu hadi bati la mwisho. Nikaomba NCA8, daraja la chini kabisa, ambalo kwa majengo kikomo cha kazi moja ni shilingi milioni 10, si NCA4 ya juu niliyokuwa nikiiota. Ikapita. Leo niko NCA6 na sijamhonga mtu.

Kwa hiyo soma sababu uliyopewa, neno kwa neno. Ukiona umeonewa, bodi ya rufaa ipo kisheria. Lakini kama karatasi ndiyo imepungua, rufaa itakula muda wako bure. Rekebisha, uombe upya.

Na wanaolalamika kwamba masharti haya yanawanyima vijana riziki, wakumbuke ghorofa iliyoanguka Huruma, Nairobi, Aprili 2016. Watu walikufa wakiwa nyumbani kwao. Cheti cha kukodi hakiwezi kusimamia zege.

Ukishasajiliwa, usisahau tarehe 30 Juni. Leseni ya mwaka huisha siku hiyo, na kuihuisha kunataka uwe umehudhuria mafunzo, kwa hiyo yaanze mapema.