Akili ya mtoto haitoki upande mmoja

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mwanao anachelewa kusoma kwa sababu ukoo wa mama yake hauna vichwa. Sivyo hata kidogo. Mtoto hurithi jeni, yaani vinasaba, kwa wazazi wote wawili, na nguvu ya jeni hizo yaweza kutegemea mazingira anamokulia: utafiti wa mwanasaikolojia Eric Turkheimer na wenzake kuhusu mapacha wa miaka 7 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa katika familia maskini tofauti za akili zilitokana zaidi na mazingira kuliko urithi. Kwanza mpeleke apimwe macho na masikio, tumieni chumvi yenye madini joto (iodini) yanayosaidia ubongo kukua, na jioni umsomee hadithi ukimwacha akukatize kwa maswali. Tafadhali, usimdharau tena mama yake mbele yake.