Kadi za ndege zinafika zimepinda

SWALI: Tuko watu sita tunaotumiana kwa posta kadi za ndege tunazotengeneza wenyewe. Zangu hufika zimepinda na mdomo wa ndege umebanduka. Je, naweza kubandika manyoya halisi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kinachopinda kadi ni maji ya gundi nyeupe. Karatasi ya juu hulowa na kutanuka, kisha ikikauka hujikaza na kuivuta kadi nzima. Tumia gundi kavu ya kusugua, ukianzia katikati kuelekea kingoni. Bandika karatasi ya unene uleule upande wa nyuma ili mvuto ulingane, kisha ilaze kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Mdomo hung'olewa na roli za mashine za kuchambulia barua. Acha nusu sentimita tupu pembeni kote. Mdomo na miguu ichore kwa wino. Kanga ndiye mzuri wa kuanzia: mwili wa karatasi ya kijivu iliyokolea, madoa ya rangi nyeupe kwa ncha butu ya njiti ya kiberiti. Kila ukichovya, tia doa moja tu. La pili hutoka hafifu. Kata kadi ya unene wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ukubwa wa sentimita 10.5 kwa 14.8.

Manyoya halisi acha kabisa. Kwa mfano, ukituma kadi Marekani, sheria ya huko ya mwaka 1918 inakataza kuwa na unyoya wa ndege wengi wa porini, hata uliookotwa. Badala yake tengeneza unyoya wa karatasi: kunja karatasi nyembamba kwa urefu, chanja kingo mshazari kwa mkasi, na kadi yenye unyoya huo itie kwenye bahasha.