Ruzuku yako ya kwanza ya utafiti

Wadogo zangu mlioajiriwa wahadhiri wasaidizi mwaka huu mnaniuliza ruzuku ya utafiti inapatikanaje. Nimekaa chuo kikuu cha umma miaka kumi na minne, na naona kazi kubwa si kuipata. Kazi ni kuitumia namna ambayo mhasibu na wanakijiji watakubali urudi tena.

Ruzuku yangu ya kwanza ilikuwa ya fedha za ndani, ndogo: nauli, posho za wasaidizi wawili, mafuta ya boti. Nilikaa pwani ya kusini wiki tatu. Risiti nilizitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikashinda juu ya dashibodi ya gari. Siku ya kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha nilizopewa kwa safari, niliifungua mbele ya mhasibu. Karatasi za EFD, risiti za mashine ya kodi, zilikuwa tupu, joto limefuta maandishi yote. Mama yule aliinua moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha mezani bila kusema neno. Nilikatwa mshahara, na deni lilipokuwa halijaisha sikuweza kuomba ruzuku nyingine. Basi kila jioni ukiwa fildi, kabla hujala, piga picha risiti za siku hiyo na uandike kila moja ilikuwa ya nini.

Kibali nacho kina njia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, Makamu Mkuu wa Chuo huwapa kibali watumishi na wanafunzi wake kwa niaba ya Serikali. Barua hiyo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, katani, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Tengeni siku za kutosha kwa safari hiyo. Na huyo wa mwisho msimpite haraka, maana ndiye anayejua nani atawafungulia mlango.

Mkitaka kuona utafiti unavyokua, tazameni mwani. Kilimo chake cha biashara Zanzibar kilianza 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, aina ya cottonii, yenye bei nzuri zaidi, ikaanza kufa. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo hichohicho ilikuwa Unguja tangu 1978, na mtafiti wake Flower Msuya alikuwa amefanya kazi na akina mama wale miaka mingi. Wakajaribu pamoja kulima kwenye kina kirefu zaidi, wakasaga mwani, wakatengeneza sabuni. Mradi wa miaka miwili usingefika huko.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa idara: mhadhiri mchanga mwenye mitihani mia nne ya kusahihisha hana utafiti. Mpunguzieni vipindi muhula mmoja tu, na kila andiko la mradi liwe na nafasi ya muda huo kwenye bajeti.

Mwaka uliofuata nilirudi kijiji kile kwa nauli yangu, nikiwa na matokeo kwenye kurasa mbili za Kiswahili. Mtendaji akazibandika ubaoni, kando ya ratiba ya kliniki. Nahodha mmoja mzee alizisoma zote taratibu, kisha akaniuliza mbona sikuwauliza habari za upepo wa kusi. Andiko langu la pili lilitoka kwenye swali hilo.