Mpunguzie kijana baruti kabla ya kumpa bunduki ya nyati

Mtoto wa kaka yangu alipata kazi Tanzania Bara, kwenye kitalu cha uwindaji, akiwa na miaka 23. Kazi yenyewe ni kufuata nyayo na kubeba bunduki za wageni. Wiki ya kwanza mtu mmoja akamkabidhi bunduki ya nyati, .375 H&H, akamwambia apige kisiki. Hakumwonyesha namna ya kukaza kitako begani wala jicho likae umbali gani na darubini. Bunduki ikampiga teke, ukingo wa darubini ukampasua juu ya nyusi, na waliokuwapo wakacheka.

Aliponifuata Durban, Afrika Kusini, miezi minne baadaye, jeraha lilikuwa limeshafunga. Kidole cha shahada ndicho kilichokuwa hakijapona. Kila akikaribia kufyatua, macho yanafumba, bega linajitupa mbele na mtutu unazama. Siku moja nilimpa bunduki tupu bila kumwambia. Akafyatua, ikalia "ta" tu, na mtutu ukazama vilevile. Mtu wa hivyo hafundishiki kwa maneno, wala kwa kumwambia awe mwanamme. Mwili wake umeshakula hofu, na njia ninayoijua ya kuitoa ni kumrudisha kwenye bunduki ileile, ikiwa na risasi iliyopunguzwa nguvu.

Nimeishi Durban miaka 18, nikifanya kazi katika karakana ya fundi wa bunduki. Nilipanga chumba Chatsworth, kwa wale jamaa wanaoitwa Wazanzibari, vizazi vya watumwa walioachiwa huru na kushushwa bandarini pale tangu 1873. Afrika Kusini mwenye leseni ya bunduki anaruhusiwa kujijazia risasi zake, na huko ndiko nilikojifunza. Hapa nyumbani sina hata chembe ya baruti, na msomaji wa Unguja au Pemba asiyekuwa na kibali asithubutu kuwa nayo. Nawaandikia vijana wanaokwenda bara au Kusini kwa kazi hii, na zaidi nawaandikia wakubwa wanaowashika mkono.

Kwanza ujue teke linatoka wapi. Risasi ya kawaida ya .375 H&H, kaliba (kipimo cha mtutu na risasi yake) iliyotoka Uingereza mwaka 1912, hurusha kichwa cha greni 300, yaani gramu 19 na kitu, kwa mwendo wa karibu mita 760 kwa sekunde. Kinachokwenda mbele hulipwa nyuma, begani. Lakini nguvu ya teke haishuki sawasawa na mwendo, hushuka kwa haraka zaidi. Ukiuteremsha mwendo hadi mita 550 hivi na kichwa kikabaki kilekile, teke hupungua zaidi ya nusu. Bunduki ni ileile, uzito ni uleule, komeo na shabaha ni zilezile, ila sasa bega linapokea kitu linachokiweza. Ndiyo maana sikumpa bunduki ndogo ya .22 ya kuchezea. Kilichomuumiza ni bunduki kubwa, basi na asuluhishwe na bunduki kubwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hulichukulia wepesi, nami huwa silali nikilifikiria. Watu hudhani hatari ipo kwenye kuzidisha baruti tu, na kwamba kupunguza ni salama muda wote. Si kweli. Baruti za bunduki kubwa nyingi ni zile ziwakazo polepole, nazo zimetengenezwa ziwake zikiwa zimelijaza ganda. Ukiziteremsha chini ya kiwango kilichoandikwa, moto hushika vibaya: mara kichwa kinanasa mtutuni, mara mlio unachelewa, na vitabu vya kujazia huonya kwamba shinikizo laweza kupanda ghafla hata likapasua bunduki. Kwa hiyo hukisii, na hupunguzi "kidogo tu" kwa baruti uliyoikuta dukani.

Zipo baruti chache ambazo watengenezaji wenyewe wamezipima kwa kazi hii. Niliyoitumia mimi ni H4895. Kampuni ya Hodgdon imechapisha kanuni yake: chukua kiwango cha juu kabisa cha H4895 kilichoandikwa na kampuni hiyo kwa kaliba yako, uchukue asilimia 60 yake tu, hapo ndipo pa kuanzia, chini ya hapo usishuke. Ikiwa H4895 haimo katika orodha ya kaliba yako, kanuni hii si yako. Na usiihamishie baruti nyengine, hata kama namba zinafanana kwenye kopo.

Mimi nimekulia Wete. Msimu wa karafuu mchumaji hulipwa kwa pishi, na mtoto wa Pemba anajua mapema kwamba pishi ya kusawazisha na pishi ya kilele si pishi moja. Baruti nayo ina ulaghai huo. Kijiko kimoja cha baruti ya chembe ndefu na kijiko hichohicho cha baruti ya chembe za mviringo havilingani uzito, wala havilingani nguvu. Pima kwa mizani, kila ganda. Na uzime pangaboi kwanza. Durban kuna joto na unyevu kama kwetu, na mara mbili nilipoteza asubuhi nzima nikitafuta kwa nini mizani inacheza, kumbe ni upepo wa pangaboi juu ya kichwa changu.

Mwaka wangu wa pili pale karakanani nilijaza risasi huku nikizungumza na mtu kwenye simu. Ganda moja likapita bila baruti. Uwanjani nilifyatua, nikasikia "puu" hafifu na bega halikuguswa. Ile ni fataki peke yake, kile kiwashio kidogo cha kitakoni mwa ganda, imekisukuma kichwa kikanasa ndani ya mtutu. Mkono wangu ulikuwa umeshalivuta komeo kuweka nyengine. Mzee fundi akanidaka kiganja akakibana mezani hadi vidole vikafa ganzi, hakusema neno. Ningefyatua ile ya pili, mtutu ungepasuka usoni pangu. Tulikitoa kile kichwa kwa ufito wa shaba na nyundo, na mimi nikakaa chini kwa sababu miguu ilikuwa hainichukui.

Tangu siku hiyo, maganda yote nayasimamisha kwenye kibao chenye matundu, nikishatia baruti namulika tochi ndani ya kila moja, ndipo naweka vichwa. Ndiyo sababu nyengine ya kupenda baruti inayojaza sehemu kubwa ya ganda: ukitia mara mbili, itamwagika uione. Ile iwakayo haraka, inayofunika kidogo tu chini ya ganda, unaweza kuitia mara mbili na jicho lisikuambie.

Bunduki ya mitutu miwili usiipunguzie ovyo. Fundi ameiunganisha kwa mwendo mmoja maalumu wa risasi, ukiubadilisha mitutu haikutani tena pale pale.

Risasi hizi ni za karatasi, si za mnyama. Bara .375 ndiyo kaliba ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa nyati na tembo, nayo inategemewa ikiwa na nguvu zake zote. Kichwa laini kikienda polepole huenda kisifunguke, na nyati aliyejeruhiwa ataingia kichakani akungojee wewe na wenzako huko. Kwa hiyo nilizipaka kitako cha ganda rangi nyekundu ya kucha, nikaziweka kwenye boksi lake lenye maandishi pande zote, na hakuna siku niliyozitoa uwanjani. Ukizikuta mfukoni mwa mtu anayekwenda porini, mnyang'anye.

Kijana wangu alipiga nyekundu wiki tano, risasi 10 kwa siku, siku tatu kwa wiki, amesimama, kwa sababu mezani teke huuma zaidi. Kila siku nilichanganya mbili tatu tupu zisizo na fataki wala baruti ili nimwone mtutu. Wiki ya tatu ukaacha kuzama. Nikapanda hatua kwa hatua kwa kufuata kitabu. Siku ya mwisho, mita 50, nilimwekea tatu kamili katikati ya nyekundu bila kumwambia zipo wapi. Zote zikaingia kwenye karatasi ndani ya upana wa kiganja.

Akageuka akaniuliza, "Ami, zile nzito tunaanza lini?"